Uzi Uliokazwa Kupita Kiasi Ndani ya Jicho

SHANGAZI yangu alikuwa fundi wa cherehani huko Kariobangi, na kazi yake kubwa ilikuwa kushona sare za shule. Mwaka wa 1997, nikiwa darasa la tatu, jicho lake la kulia lilifunikwa na mtoto wa jicho hata akawa hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Sisi watoto ndio tuliomtungia, kila mmoja kwa zamu yake, na malipo yetu yalikuwa mandazi.

Alipelekwa hospitali akafanyiwa upasuaji. Bandeji ilipoondolewa nyumba nzima ilishangilia, maana aliweza kututambua na kutuita kwa majina tukiwa bado mlangoni. Lakini furaha hiyo haikumaliza hata juma moja.

Shangazi alianza kulalamikia mambo ya ajabu. Akisimama nje, alisema, nguzo za stima anaziona zimesimama wima bila kasoro, lakini nyaya zinazopita kati yake zimetoweka kama moshi. Akiingia ndani na kushika tepu yake ya kupimia, mambo yanageuka. Akiilaza tepu mezani kama ilivyo desturi, ile mistari midogo ya sentimita inakuwa ukungu mtupu. Akiisimamisha wima, mistari yote inajitokeza na anaweza kuihesabu mmoja mmoja. Akawa anapima nguo za watoto wa watu huku ameinua tepu juu kama mtu anayepima urefu wa ukuta.

Si ajabu kwamba minong'ono ilianza. Jirani mmoja alisema ni majini. Mwingine akasema jicho limeharibiwa, na ya kwamba ni heri angebaki na mtoto wake wa jicho. Shangazi alirudi alikopasuliwa, akaambiwa avumilie, jicho litazoea.

Miezi mitatu baadaye alikwenda hospitali nyingine. Daktari wa huko alimkalisha mbele ya mashine, akamwambia atulize kidevu, akachungulia kwa muda mrefu, kisha akamuuliza anafanya kazi gani. Aliposikia ni fundi wa nguo, alicheka kidogo.

"Basi, Mama, jambo hili utalielewa kuliko mimi," alimwambia. "Waliokushona walikaza uzi mmoja kupita kiasi."

Alimtia matone ya ganzi, akaukata uzi huo kwa ncha ya kisu kidogo, na kazi ikaishia hapo. Baada ya siku chache nyaya za stima zilirudi mahali pake.

Nimeishi na kisa hiki miaka mingi, na swali moja halijawahi kuniacha. Ikiwa uzi ulikuwa umekazwa mno, kwa nini hakuna aliyeligundua hilo Shangazi angali amelala kwenye meza ya upasuaji, wakati ambapo kuulegeza kungechukua dakika mbili? Nilipoanza kuwauliza madaktari wa macho, jibu lao lilinishangaza. Chombo cha kugundua kasoro hiyo kipo, kinashikwa kwa mkono, na aina yake ya bei nafuu kuliko zote inauzwa na wachuuzi pale Gikomba. Ni pini ya kufungia nepi.

Kijiko na mpira wa raga

Kabla hatujafika kwenye pini, ni lazima tulielewe jicho lenyewe. Mbele kabisa ya jicho kuna ngozi angavu kama kioo, iitwayo konea. Upana wake ni karibu milimita 12, na unene wake katikati ni zaidi kidogo tu ya nusu milimita. Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kukusanya mwanga hufanywa na lenzi iliyo ndani ya jicho. La hasha. Karibu thuluthi mbili za kazi hiyo hufanywa na konea.

Konea iliyo sawa imepinda kama kipande kilichokatwa kutoka kwa mpira wa kandanda: upindaji wake ni mmoja, uupime kutoka juu kwenda chini au kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini kuna konea zinazofanana zaidi na mpira wa raga. Upande mmoja umepinda sana, upande mwingine umenyooka kidogo. Mwanga unaopita hapo haukusanyiki mahali pamoja. Mistari ya wima huangukia mahali pake na ya ulalo huangukia pengine. Hali hii ndiyo iitwayo astigmatizimu, na ndiyo iliyomfanya Shangazi aone nguzo na kukosa nyaya.

Mbona basi karibu mambo yakawa kinyume, akaona mistari ya ulalo na kupoteza ya wima? Jicho lake lilikuwa na nguvu mbili tofauti. Nguvu moja ilifaa kwa vitu vya mbali na nyingine, iliyotokana na uzi uliokazwa, ilifaa kwa vitu vilivyo umbali wa mkono. Kila nguvu ilishughulikia mistari ya upande wake tu. Hapakuwa na majini yoyote.

Wanafunzi wanaosoma ukurasa huu wanaweza kufanya jaribio hili jikoni. Chukua kijiko kinachong'aa, kigeuze mgongo, kisha utazame taswira ya balbu ya duara. Balbu haitaonekana duara. Itakuwa imerefuka kufuata urefu wa kijiko, na kubanwa kufuata upana wake. Sababu ni kwamba mgongo wa kijiko umepinda zaidi kwa upana, na kioo kilichobinuka hupunguza taswira zaidi pale kilipopinda zaidi.

Konea nayo hung'aa. Mtazame mtu machoni akiwa amekabili dirisha na utaliona dirisha hilo, dogo, ndani ya jicho lake. Mtu akishikilia duara mbele ya konea, na duara hilo likarudi likiwa duara, konea imepinda sawasawa. Likirudi kama yai, kuna astigmatizimu, na upande uliobanwa wa yai ndio unaoonyesha mahali konea ilipopinda kupita kiasi.

Kanuni yote ni hiyo. Mashine zinazogharimu mamilioni ya shilingi hufuata kanuni iyo hiyo, isipokuwa zenyewe hutoa tarakimu.

Na kwa tarakimu, hesabu yake si ngumu. Madaktari hupima nguvu ya konea kwa kipimo kiitwacho dayopta. Chukua 337.5, ugawe kwa nusukipenyo cha upindaji kwa milimita. Konea yenye nusukipenyo cha milimita 7.5 ina nguvu ya dayopta 45. Yenye milimita 8 ina dayopta 42 na ushei. Tofauti ya nusu milimita, basi, ni karibu dayopta 3, na mtu mwenye dayopta 3 za astigmatizimu hawezi kusoma gazeti hili bila kusumbuka. Hata sehemu moja ya kumi ya milimita huleta zaidi ya nusu dayopta. Fundi wa nguo akikosea sehemu moja ya kumi ya milimita hakuna mteja atakayerudisha suruali.

Wataalamu walioyaugua waliyoyachunguza

Historia ya jambo hili ina vituko vyake. Mtu wa kwanza kuieleza astigmatizimu alikuwa daktari Mwingereza, Thomas Young, mnamo 1801, na jicho alilolichunguza lilikuwa lake mwenyewe. Aliweka chombo chenye maji mbele ya jicho lake ili kuiondolea konea nguvu zake, akaona kasoro ingalipo. Akakata kauli kwamba kasoro yake ilitoka kwenye lenzi ya ndani. Kwa jicho lake alikuwa sahihi, lakini kwa watu wengi kasoro kubwa huwa kwenye konea.

Baada yake alikuja George Airy, mwanafalaki wa Cambridge. Aligundua kwamba kwa jicho lake la kushoto nyota haionekani kama nukta bali kama mstari. Kwa mtu ambaye riziki yake ni kutazama nyota, hilo lilikuwa balaa. Mwaka wa 1825 alieleza jinsi alivyolipima jicho lake na kuchongewa lenzi maalumu na fundi wa mji wa Ipswich. Hiyo ndiyo babu ya miwani yote ya astigmatizimu tuivaayo leo.

Katika miaka ya 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz aliunda chombo cha kupimia upindaji wa konea ya mtu aliye hai. Mnamo 1880 Antonio Plácido wa Ureno akaja na kitu rahisi zaidi: kisahani chenye miviringo myeusi na myeupe na tundu katikati. Daktari alikishika mkononi, akachungulia kwenye tundu, akaiona miviringo ikiwa imejichora juu ya konea ya mgonjwa. Mwaka uliofuata Javal na Schiøtz, waliokuwa wakifanya kazi Paris, walitoa keratomita yao, na umbo la mashine hiyo lingali kwenye vyumba vingi vya macho hadi leo. Javal mwenyewe baadaye alipofuka kwa ugonjwa wa glakoma.

Mashine hizo za mezani, hata hivyo, zina sharti moja. Mgonjwa lazima akae kitako, atulize kidevu, na atazame mbele. Mtu aliyelala chali, amefunikwa shuka la kijani uso mzima isipokuwa jicho moja, hawezi kuinuliwa katikati ya upasuaji akaambiwa atulize kidevu mezani. Hapo ndipo vyombo vya mkononi vilipopata kazi.

Duara juu ya jicho

Miezi kadhaa iliyopita daktari mmoja wa Nairobi aliniruhusu kuvaa gauni na barakoa na kusimama kwenye pembe ya chumba chake cha upasuaji. Sharti lake lilikuwa nisiguse chochote na nisizimie.

Aliyekuwa amelala pale alikuwa kijana ambaye konea yake ilikuwa imechongoka kama koni. Ugonjwa huu unahusishwa sana na tabia ya kufikicha macho yanayowasha, na wazazi wenye watoto wa namna hiyo wasilipuuze. Miwani ilikuwa imeshindwa kumsaidia, kwa hiyo daktari alikuwa akimwekea konea ya mtu aliyefariki.

Upasuaji wa namna hii si mpya. Ulifaulu kwa mara ya kwanza mwaka wa 1905 mikononi mwa Eduard Zirm katika mji wa Olomouc, ambao leo uko nchini Czech. Kilichobadilika ni mshono. Daktari alikuwa akitumia uzi wa nailoni mwembamba kuliko unywele wa mtu, uzi ambao mimi sikuuona hata kidogo nilipotazama kwa macho matupu. Kwenye runinga iliyounganishwa na hadubini ndipo niliona: nyuzi 16, zimepangwa kama mishale ya saa kuzunguka konea mpya.

Alipomaliza, nilidhani tutatoka. Badala yake aliomba "duara". Muuguzi akampa pete ya chuma kwenye kishikio, ndogo kama pete ya kidole. Daktari aliishikilia juu ya jicho, taa ya hadubini ikaipiga, na kwenye konea kukatokea mviringo mweupe unaong'aa.

Haukuwa mviringo. Ulikuwa yai, tena yai lililolala kimshazari.

"Unaona palipobanwa?" aliniuliza bila kuinua macho. Akafuata upande mwembamba wa yai hadi ukingoni, akaupata uzi mmoja, akaukata na kuushona upya kwa mkono mlegevu zaidi. Akainua pete tena. Yai lilikuwa limenenepa. Alibadilisha uzi wa pili, uliokuwa upande wa pili wa konea, akarudia. Safari ya tatu mimi mwenyewe, nisiye daktari, niliona duara.

Muda uliotumika haukuzidi dakika kumi.

Kwa nini uzi uliokazwa ukingoni upinde konea katikati? Nilimpelekea Shangazi swali hilo, na jibu lake lilikuwa bora kuliko la vitabu. Alichukua kipande cha kitambaa, akapitisha uzi ukingoni, akauvuta. Ukingo ulijikunja na kulala, na kitambaa kikatuna katikati. "Ndivyo nilivyoshonwa," alisema. Kisha akaongeza kwamba msichana aliyekuwa akimfundisha kazi angeshona hivyo angempa kitambaa akifumue palepale.

Ndipo tunaifikia pini. Katika hospitali ambazo pete maalumu haipo, madaktari wamekuwa wakitumia pini kubwa ya nguo iliyochemshwa na kutakaswa pamoja na visu. Ule mwisho wake wa duara hushikiliwa juu ya jicho na kazi inakuwa ile ile. Kwa maoni yangu huu ni ujuzi ambao ungepaswa kufundishwa kila mahali jicho linapopasuliwa, hasa katika nchi kama yetu ambapo upasuaji mwingi wa mtoto wa jicho hufanywa mbali na hospitali kubwa, na ambapo maafisa wa kliniki wamefunzwa kuufanya kwa sababu madaktari bingwa hawatoshi. Pini haihitaji stima, haihitaji vipuri kutoka ng'ambo, na ikipotea inanunuliwa nyingine kabla ya chai ya saa nne.

Pete inapodanganya

Nisije nikaonekana kama mchuuzi wa pini, acha niseme na upande wa pili.

Pete husema umbo, haisemi kiasi. Jicho la daktari likiona yai linajua kuna kasoro, lakini halijui kama ni dayopta 2 au 4, na kasoro ndogo hupita bila kuonekana. Tena pete lazima ishikiliwe sambamba kabisa na konea. Ikiinama hata kidogo, duara zuri litaonekana yai. Jaribu na sahani: itazame kutoka juu, kisha uiinamishe.

Jicho lenyewe pia hudanganya likiwa mezani. Kile kibano kinachozuia kope zisifunge kikikandamiza, konea hubadilika umbo. Jicho likiwa limelegea kwa kuvuja maji, ni kama mpira usio na pumzi, na kupima umbo lake ni kazi bure. Ndiyo maana daktari yule alilijaza jicho maji hadi likawa imara kiasi kabla ya kuomba duara. Hata uso wa konea ukikauka, taswira huchakaa.

Na jambo kubwa kuliko yote ni kwamba kidonda hakikai kilivyoachwa. Nyuzi hulegea, nyama hupona, na duara la leo laweza kuwa yai baada ya miezi miwili. Kwa kulijua hilo, baadhi ya madaktari waliokuwa wakishona vidonda vya juu ya jicho waliacha uzi umekazwa kidogo kwa makusudi, wakitarajia utalegea. Huenda hata aliyemshona Shangazi aliwaza hivyo akazidisha. Sijui, na sasa hakuna wa kuulizwa.

Kwa wanaotaka tarakimu, kuna keratomita za kushikwa mkononi zinazotumia betri. Daktari huielekeza kwenye jicho, mashine hutupa miali, husoma taswira yake kwenye konea, na kwa muda mfupi huandika upindaji wa kila upande pamoja na pembe yake. Wanaofaidika zaidi na mashine hizi ni watoto. Mtoto wa mwaka mmoja aliyezaliwa na mtoto wa jicho hawezi kuambiwa atulize kidevu. Hulazwa usingizi kwanza, kisha hupimwa konea na urefu wa jicho papo hapo mezani, na lenzi atakayowekewa huteuliwa kwa hesabu hiyo. Kosa hapo ni kosa la utotoni, wakati ubongo ungali unajifunza kuona.

Nyuzi zinapotoweka

Wasomaji wataniuliza: je, si upasuaji wa siku hizi hauna nyuzi? Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Upasuaji aliofanyiwa Shangazi mwaka wa 1997 ulihitaji kidonda cha milimita 10 au zaidi, karibu thuluthi moja ya mzingo wa konea. Leo njia inayotumika sana katika hospitali zetu ni ya kidonda cha milimita 6 au 7 kinachochimbwa kama handaki na kujifunga chenyewe. Wenye mashine ya kusaga mtoto wa jicho hutumia tundu la milimita 2 au 3 tu.

Lakini kidonda, hata bila uzi, kina tabia yake: hulegeza upande wa konea kilipokatwa. Ukikata juu, upindaji wa juu na chini hupungua. Hivyo basi daktari mwerevu hupima kwanza, akajua upande uliopinda zaidi, na kukata hapo ili kidonda kirekebishe badala ya kuharibu.

Nako kumbadilishia mtu lenzi kumeleta mahitaji mapya. Harold Ridley alipoweka lenzi ya kwanza ndani ya jicho la mtu huko London, tarehe 29 Novemba 1949, mgonjwa wake alibaki na kosa kubwa la kipimo, likiwemo la astigmatizimu la dayopta 6 hivi. Ilikuwa mwanzo. Leo kuna lenzi zilizochongwa kurekebisha astigmatizimu zenyewe, nazo ni lazima zigeuzwe hadi pembe iliyo sawa kabisa. Kila digrii moja ya kukosea hupunguza kama asilimia 3.3 ya faida. Itazame saa ya ukutani: mkono wa dakika ukisogea dakika tano umezunguka digrii 30. Lenzi ikikosewa kwa kiasi hicho, faida yote ya kupunguza astigmatizimu imekwisha, na mgonjwa amelipia bure.

Kuna mtego mwingine. Mtu akilala chali, jicho huzunguka kidogo ndani ya tundu lake, digrii chache kwa wengi, na kwa wengine hata zaidi ya kumi. Kwa hiyo kabla ya mgonjwa kulala, daktari hutia alama kwa wino kwenye weupe wa jicho, na alama hizo ndizo hufuatwa mezani kwa kutumia pete nyingine iliyochongwa digrii pembeni. Zipo hadubini za kisasa zinazofanya kazi hii kwa kompyuta. Bei yake ingejenga zahanati.

Yeyote anayekwenda kupasuliwa mtoto wa jicho ana haki ya kuuliza kama konea yake imepimwa, na kama astigmatizimu imeonekana itashughulikiwa vipi. Anayevaa lenzi za kubandika machoni aseme mapema, maana hizo hubadilisha umbo la konea na kuharibu vipimo. Na aliyekwisha kupasuliwa akaona mistari ya upande mmoja tu asikubali kuambiwa jicho litazoea. Arudi apimwe. Aghalabu dawa yake ni miwani, na kama kuna uzi, dawa yaweza kuwa mkasi.

Jicho la kushoto la Shangazi lilifikiwa na zamu yake mwaka wa 2019. Alikuwa amepita miaka 70, na kama ilivyo kwa wazee wengi, konea yake ilikuwa imepinda zaidi kwa ulalo kuliko kwa wima. Kwa sababu hiyo daktari aliamua kukata ubavuni, upande wa sikio, si juu. Nilikuwa nimeketi naye wakati alama zikitiwa.

"Mbona unanichora kama kitambaa?" alimuuliza daktari.

"Ili nisikate vibaya, Mama."

"Na uzi?"

"Hakuna uzi safari hii."

Shangazi alinyamaza, na nilipomtazama niliona hajaridhika. Fundi kuambiwa kitu kitakatwa kisishonwe ni jambo la kumtia wasiwasi.

Majuma sita baadaye nilimtembelea Kariobangi. Cherehani ilikuwa bado pembeni, imefunikwa leso. Aliitoa tepu kwenye droo, akaifunika kwa kiganja lile jicho la zamani, akailaza tepu mezani, akatazama. Akaisimamisha wima, akatazama tena. Aliirudia mara mbili au tatu hivi bila kusema neno, kisha akaikunja.

Mimi nilipewa jina la babu, baba yake mzazi, kwa hiyo tangu utotoni hunipigia jina hilo la heshima.

"Baba," aliniambia, "hebu niletee sindano na uzi mweusi. Usiutunge."